Nyanya Amekwenda Mara Tisa

Aliyetoboa siri ni binti yangu. Alikuwa na miaka 11, analala chumba kimoja na nyanya yake hapa kwetu Likoni, Mombasa. Ilikuwa Ramadhani ya 2024, kumi la kati, na mimi niko jikoni napasha muhogo wa nazi wa daku. Akaja akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayechongea: "Mama, nyanya amekwenda chooni mara tisa tangu watu watoke tarawehe. Mimi nausikia mlango."

Asubuhi nilimuuliza Mama mwenyewe. "Mara mbili tatu tu, mwanangu. Ni zile bajia za kununua. Usinivunjie saumu yangu kwa ajili ya bajia."

Nikamwamini. Nilitaka kumwamini, kwa sababu miezi minne ilikuwa imepita tangu aanze dawa ya kansa na tulikuwa tumeshazoea kusikia habari njema. Kule kuamini kulitugharimu siku kumi na mbili, na nimeandika haya kwa ajili ya mtu ambaye leo yuko katika siku ya kwanza ya zile kumi na mbili.

Mambo yalianzia kisiginoni. Mwaka 2023 Mama alikuwa na doa jeusi chini ya kisigino cha kulia, pana kama sarafu ya shilingi kumi. Alisema ni mwiba uliomvunjikia shambani Msambweni. Akalikanda kwa maji ya chumvi, akalipaka mafuta ya karafuu, na mtu mmoja akalikwangua kwa wembe akidhani ni sugu. Lilipoanza kutoa maji ndipo kipande kilipokatwa kikapelekwa maabara, jibu likarudi melanoma. Sisi tulikuwa tukiamini saratani ya ngozi ni ugonjwa wa jua, wa Wazungu na wa ndugu zetu wenye ualbino. Kumbe iko melanoma inayoota pale jua lisipofika: nyayo, viganja, chini ya kucha. Kwa watu weusi wanaopata melanoma, hiyo ndiyo inayoonekana zaidi. Daktari kijana akatukumbusha Bob Marley, aliyefariki 1981. Yake ilianzia kwenye kidole cha mguu.

Mama alipasuliwa, tezi za kinenani zikatolewa, kisha picha ya CT ikaonyesha vidoa vitatu kwenye mapafu. Tukaambiwa kuna dawa inaitwa pembrolizumab, ni imunotherapi, na kwamba melanoma ya nyayo haiiitikii vizuri kama ile ya jua lakini ina nafasi. Kaka yangu yuko Doha. Alituma alichokuwa nacho. Kiwanja cha Msambweni kikauzwa. Novemba 2023 tukapanda treni Miritini alfajiri, Mama na mtandio wake mpya, kwenda Nairobi kutundikiwa dripu ya kwanza.

Ilichukua nusu saa. Mama akautazama ule mfuko mdogo wa maji meupe akauliza, "Ndiyo hii tu?" Alikuwa amejitayarisha kwa yale aliyoyaona kwa jirani yetu aliyepata kemo: kutapika, kucha kuwa nyeusi, nywele kunyonyoka. Hakutapika. Nywele zake zilibaki kichwani, na nywele zile zilitudanganya sote. Kila aliyekuja kumjulia hali aliziona akasema alhamdulillahi, dawa haina taabu.

Daktari alitueleza inavyofanya kazi, na maelezo yake Mama ameyahifadhi kuliko mimi. Mwilini mna seli za kinga ziitwazo seli T, askari wetu. Askari hao wana breki, kwa sababu bila breki wangeshambulia mwili wenyewe. Saratani imejifunza kuikanyaga breki hiyo ili askari wapite bila kuigusa. James Allison wa Marekani aliichunguza breki moja, CTLA-4; Tasuku Honjo wa Japani na wenzake wakaigundua nyingine, PD-1; wawili hao walipewa Nobel ya tiba mwaka 2018. Dawa ya kwanza ya kuondoa breki, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Pembrolizumab na dada yake nivolumab, zinazoondoa ile breki ya PD-1, zilifuata mwaka 2014.

Mama ameuza samaki karibu na feri kwa miaka thelathini. Aliisikiliza ile habari ya breki, akaipeleka moja kwa moja kwenye mkokoteni. Wale vijana wanaoteremsha magunia kuelekea feri huning'iniza kipande cha tairi nyuma ya mkokoteni, kinaburura chini, wakitaka kupunguza mwendo wanakikanyagia. "Sasa hii dawa imekata tairi," akasema. Ndivyo hasa. Mkokoteni unakimbia kuelekea kule unakotakiwa, lakini mteremkoni kuna watu wengine pia: utumbo, tezi, ini, mapafu, ngozi, viungo, hata moyo.

Februari 2024, kaskazi imekaza, joto ambalo hata paka wanalikimbia kwenda kulala juu ya saruji, Mama alivaa sweta. Alikaa barazani na sweta la sufu la kaka yangu na kanga mbili juu yake. Sauti ikawa nzito. Akawa anasinzia na tasbihi mkononi. Sisi tukasema uzee, tukasema uchovu wa safari. Safari iliyofuata muuguzi alimtazama mara moja tu, akaomba kipimo cha homoni ya thairoidi. Askari walikuwa wamekwisha kuipiga tezi ya shingo, ikawa haifanyi kazi.

Hapa nilijifunza jambo ambalo sikulitarajia. Madhara mengi ya dawa hii hutulizwa kwa steroidi, dawa za kuishusha kinga, lakini tezi ikishaungua hairudishwi na steroidi. Inabidi kuipa homoni yake kwa vidonge, mara nyingi kwa maisha yote. Mama sasa anameza levothairoksini akiamka kwa swala ya alfajiri, tumbo tupu, ili ikifika saa ya chai kidonge kiwe kimeshaingia mwilini. Baada ya wiki kadhaa sweta likavuliwa, sauti ikarudi, akaanza tena kugombana na wauza nazi. Tukaona fungu letu la madhara tumeshalipata, limekwisha. Nadhani ndiyo maana zile bajia niliziamini.

Siku ya tatu ya kuhara nilimpeleka kwenye kliniki moja ya karibu. Wakapima damu, wakasema taifodi. Simlaumu sana yule kijana aliyetuhudumia. Mtu akihara mtaani kwetu, taifodi ndilo jina la kwanza kutajwa. Nilimwambia Mama ana kansa na anatibiwa Nairobi. Akauliza, "Yuko kwenye kemo?" Nikajibu, ndiyo.

Neno hilo moja ndilo ninalolirudia usiku. Sikuwa na lingine. Kwetu dawa yoyote ya kansa inayotundikwa ni kemo, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiiita hivyo nyumbani. Lakini kemo na hii ni vitu viwili vinavyokwenda kinyume. Kemo huua seli zinazokua haraka, na mara nyingi huishusha kinga, kwa hiyo mganga akisikia kemo na kuhara anafikiria vijidudu, antibayotiki na maji. Imunotherapi huipandisha kinga. Kuhara kwake huenda ni kinga yenyewe inayoula utumbo, na hakuna antibayotiki ya hilo. Mama akapewa siprofloksasini, ORS na vidonge vya kufunga tumbo. Vidonge vikapunguza safari za chooni kwa siku mbili, tukafurahi, na ndani moto unaendelea.

Siku ya kumi na mbili kulikuwa na damu. Ndipo nilipofungua faili lake nikaitoa karatasi tuliyopewa Novemba, kurasa nne za Kiingereza, ikiwa chini ya picha zote za CT. Nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza. Kwenye ukurasa wa tatu kulikuwa na kuhara, na nambari ya simu.

Muuguzi aliyepokea hakuniuliza habari za bajia. Aliuliza, "Kabla ya dawa alikuwa akienda choo kikubwa mara ngapi kwa siku?" Nikasema mara moja. "Na sasa?" Nikamtazama Mama, Mama akatazama ukuta, nikamwita binti yangu. "Jana mara kumi na moja," akasema. Simu ilikuwa wazi. Muuguzi akasema, "Mleteni leo."

Baadaye alinieleza kwa nini anahesabu. Madaktari wameyapanga madhara haya kwa madaraja. Kwa kuhara, ikizidi kawaida ya mtu kwa mara chini ya nne ni daraja la kwanza: dawa inaweza kuendelea, mgonjwa anaangaliwa. Ikizidi kwa mara nne hadi sita ni la pili: dripu inasimamishwa na steroidi mara nyingi inaanza. Ikizidi kwa mara saba au zaidi ni la tatu, hospitali. La nne ni hatari ya maisha. Kwa hesabu ya binti yangu, usiku ule wa daku Mama alikuwa tayari ameshafika daraja la tatu, tena kabla ya kuhesabu mchana.

Treni isingewezekana kwa hali ile. Kaka akalipa ndege.

Nairobi walipima choo kutafuta vijidudu, hawakupata. Wakaingiza kamera kwenye utumbo mpana, wakachukua vipande vidogo vya nyama. Daktari akaja jioni, mtu mpole, akainama akasema kwa Kiswahili kizuri: "Mama, una uvimbe kwenye utumbo mpana."

Mama akafumba macho akaanza kusoma shahada.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Tangu siku ya kisigino, kila daktari aliyesema "uvimbe" alikuwa na maana ya kansa. Uvimbe umekatwa. Uvimbe umesambaa. Leo neno lile lile linatumika kwa utumbo uliovimba na kuwa mwekundu kwa sababu ya dawa, na Mama amesikia kwamba kansa imeingia tumboni. Kamusi inalo neno mchochota, lakini sijawahi kulisikia likitamkwa wodini. Aliyemwokoa ni muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, aliyekaa kitandani akamshika mguu. "Mama, utumbo umewaka kama ngozi iliyomwagikiwa chai. Umebabuka. Hakuna kilichoota." Mama akafumbua macho. "Hakuna kilichoota?" "Hakuna." Nawaomba wote wanaofasiri karatasi za hospitali: tusitumie uvimbe kwa mambo mawili mbele ya mtu mwenye kansa. Semeni umewaka, semeni umebabuka. Mgonjwa ataelewa, na hatalala usiku mzima akijiandaa kufa.

Wakamwanzishia steroidi ya mshipa kwa uzito wake. Kwa hali kama yake kipimo ni miligramu moja hadi mbili kwa kila kilo. Kutoka mara kumi na moja akashuka hadi nane, kisha saba, kisha akakwama hapo. Siku tatu hadi tano zikipita bila nafuu ya kutosha, utaratibu ni kuongeza dawa nyingine badala ya kuendelea kungoja. Dawa iliyokuwapo ni infliximab, inayotumika miaka mingi kwa baridi yabisi na kwa magonjwa ya utumbo. Inaizuia TNF, kemikali inayochochea moto ule.

Lakini TNF hiyo hiyo ndiyo inayosaidia mwili kuifungia TB isitoke. Mtu anaweza kuwa na bakteria wa TB waliolala kifuani miaka na miaka bila kujua. Ukimpa infliximab, umefungua mlango. Baba yangu aliugua TB nilipokuwa shule ya msingi, na Mama ndiye aliyemlea chumba kimoja miezi yote ile. Nilipomwambia daktari hilo aliweka kalamu chini. Wakachukua damu kupima TB iliyolala, wakapiga picha ya kifua, wakapima homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi. Nje, dawa nyingine iitwayo vedolizumab hupendwa kwa mtu wa namna hiyo kwa sababu kazi yake huishia kwenye utumbo haifiki kwingine. Wiki ile haikuwapo hospitalini. Siku mbili za kungoja jibu la TB zilikuwa ndefu kuliko miezi yote iliyotangulia. Mama alikuwa amekonda hadi pete yake ya ndoa tukaifunga kwa uzi.

Jibu likaja: hana. Jioni ile ile wakatundika infliximab. Siku ya tatu akaenda choo mara tatu. Idd ikamkuta wodini, tarehe 10 Aprili, akanywa uji mweupe huku simu imewekwa kwenye mto, takbira za msikiti wetu wa Likoni zinasikika mpaka kitanda cha tatu.

Watu hudhani hapo ndipo mwisho. Steroidi ina safari yake. Haiachwi ghafla, kwa sababu mwili unakuwa umeacha kutengeneza ya kwake, na pia moto unaweza kuwaka upya. Inapunguzwa kidogokidogo kwa wiki nne hadi sita au zaidi. Mama alikuwa halali. Saa nane za usiku namkuta amepanga upya kabati la vyombo. Sukari ikapanda ikafika 14, yeye ambaye hajawahi kuwa na kisukari. Uso ukawa mviringo. Na kwa kuwa steroidi nyingi kwa muda mrefu hufungulia njia aina fulani ya nimonia, alipewa Septrin, antibayotiki ya kuizuia nimonia hiyo. Kila mtu mtaani anaijua Septrin na anajua, au anadhani anajua, nani huimeza: mwenye virusi vya Ukimwi. Jirani mmoja aliiona kopo mezani; kufikia Ijumaa wanawake wa chuo cha Kurani walikuwa wakimpa Mama pole ya namna nyingine. Alilia kwa hilo kuliko alivyolia kwa kansa. Hakuna daktari aliyetuonya kwamba hilo litakuja, na wala lisingewagharimu chochote kulisema.

Usiku ule wa kupanga vyombo nami nilikuwa macho, nikisoma kwenye simu. Nilitaka kujua kama haya yametupata sisi peke yetu. Katika jaribio kubwa la melanoma lililochapishwa 2015, waliopewa ipilimumab na nivolumab pamoja, 55 katika kila 100 walipata madhara mazito. Waliopewa nivolumab peke yake walikuwa kama 16. Kwa hiyo wengi wanaotumia dawa moja ya kundi la PD-1 hawafiki alipofika Mama, na sitaki mtu aikimbie dripu yake kwa kunisoma mimi. Ila nilisoma pia uchambuzi wa 2018 uliotumia kumbukumbu za Shirika la Afya Duniani: vifo 613 vilivyoripotiwa kutokana na madhara haya tangu 2009. Kilichonishtua ni moyo. Ni madhara ya nadra sana, lakini kati ya watu 131 ambao misuli ya moyo iliwaka, 52 walifariki. Tangu usiku ule Mama akisema kifua kinambana, hatuzungumzi habari za gesi.

Madaktari wa Paris mwaka 2019 walieleza mgonjwa mmoja ambaye moyo wake haukutulizwa na steroidi, wakampa abatacept, dawa ya baridi yabisi, akapona. Abatacept imetengenezwa kutokana na CTLA-4, ile breki ya kwanza. Niliposoma hivyo nilikwenda kumwamsha Mama, ambaye hata hivyo hakuwa amelala. "Wamefunga tena tairi," nikamwambia.

Akafikiri. "Basi mkokoteni si utasimama?"

Hilo ndilo swali, na ndilo linalowafanyisha kazi watafiti wa pande zote. Ukizima moto wa utumbo, unaizima na vita dhidi ya kansa? Watafiti wa New York na Ufaransa walionyesha mwaka 2018 kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu waliokuwa tayari wanameza steroidi siku ya kuanza imunotherapi hawakufaidika sana na dawa. Lakini katika tafiti nyingine, waliopewa steroidi baadaye, kwa ajili ya madhara, hawakuonekana wazi kupoteza faida yao. Na uchambuzi wa 2017 wa wagonjwa wa melanoma waliolazimika kuacha dawa mapema kwa sababu ya madhara ulikuta waliendelea kufaidika karibu sawa na wasioacha. Askari wakishafunzwa, wengine hubaki wanajua kazi. Nilimsomea Mama sehemu hiyo mara mbili.

Boston, kwenye taasisi ya Dana-Farber, walichukua vipande vya utumbo kama alivyochukuliwa Mama wakachunguza seli mojamoja. Kazi hiyo ilitoka 2020. Walikuta sehemu kubwa ya seli T zilizokuwa zikishambulia ni wakaazi wa utumbo wenyewe, waliokuwa wametulia pale siku zote, dawa ikawaamsha. Kwangu hapo ndipo penye tumaini: kama wanaouchoma utumbo wanaweza kutenganishwa na wanaopigana mapafuni, siku moja utazimwa moto mmoja bila kugusa mwingine. Vedolizumab ni hatua moja ya njia hiyo. Houston nako, mwaka 2018, wagonjwa wawili ambao steroidi na infliximab na vedolizumab zilishindwa kuwatuliza walipandikizwa kinyesi cha mtu mwenye afya, ili bakteria wema wajae upya tumboni, na utumbo ukatulia. Mama aliposikia alishika mdomo. "Kinyesi cha mtu?" Kisha, baada ya kimya kirefu, "Kama kinaponya, ni dawa."

Majaribio haya yamefanywa zaidi Ulaya na Marekani, na wagonjwa wake wengi ni Wazungu. Mtu wa pwani yetu akihara, kabla hujaitaja dawa kuna amiba, taifodi, kipindupindu na TB ya tumbo. Kabla ya infliximab kuna kifua cha baba yangu. Hayo yanahitaji kutafitiwa hapa, kwa miili yetu, na mapema, kwa sababu dawa zenyewe zinakuja. Shirika la Afya Duniani liliiweka nivolumab kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019 kwa melanoma, na mwaka 2025 likaipanua nafasi ya pembrolizumab hadi saratani ya mapafu, ya utumbo mpana na ya shingo ya kizazi iliyosambaa. Shingo ya kizazi! Hao ni mama zetu na dada zetu waliojaa wodi. Naililia bei ishuke wapate. Lakini dawa isije peke yake. Ije na kipimo cha thairoidi, na kipimo cha TB, na steroidi, na mtu anayeweza kuingiza kamera utumboni, na nambari ya simu inayopokelewa kwa Kiswahili saa nane za usiku.

Mwezi Julai 2024 tulipiga CT. Vidoa viwili vya mapafu havikuonekana tena. Cha tatu kilikuwa kimebaki kama punje ya mtama. Daktari akaamua dawa isirudishwe, na tangu hapo picha zimebaki vilevile. Kila zikipigwa mimi hujifungia chooni hospitalini mpaka Mama aniite.

Nimemtengenezea kadi. Niliichapisha kwenye sayba ya karibu na feri, nikaipaka plastiki, moja iko kwenye mkoba wake na moja kwenye friji. Upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili: "Mgonjwa huyu alipewa IMUNOTHERAPI. Si kemo. Akihara, akipumua kwa shida au kukohoa kikavu, kifua kikimbana, kope zikilegea na kufunika macho, macho yakiwa ya njano, akiumwa kichwa kisichoisha, akipata kiu na mkojo usiokwisha, huenda ni kinga yake. Pigeni simu hii kabla ya kumpa kitu." Dripu ya mwisho ilikuwa Machi 2024 na kadi bado haitoki mkobani, kwa sababu madhara haya yanaweza kujitokeza miezi mingi baada ya dawa kuachwa.

Juzi alinipigia mama mmoja wa Ukunda aliyepewa nambari yangu msikitini. Mumewe ameanza dawa hiyo hiyo Nairobi, ana wiki ya saba, na tumbo limemchafuka kidogo, anasema mwenyewe ni mara mbili tatu. Mama alikuwa karibu, akaninyang'anya simu.

"Mwanangu," akamwambia, "nyumbani kwenu nani analala karibu na choo?"

Nikasikia yule mama akijibu kitu kuhusu mtoto wake wa kiume.

"Basi muulize huyo."